Mbono, Mkonge na Ardhi ya Kijiji

Kabla mbono haujawa mradi, ulikuwa uzio. Mtu akitaka kuzungushia boma lake, hukata vijiti vya mbono, huvikita ardhini mwanzoni mwa mvua, na baada ya misimu michache anakuwa na ukuta wa kijani ambao mbuzi hawaugusi. Majani yake ni machungu na mbegu zake zina sumu: mtoto akizitafuna, hutapika na kuharisha. Pengine ndiyo maana mti huu ukaaminiwa kulinda hata makaburi, ukaitwa mbono kaburi. Kwao ni Amerika ya Kati. Wareno waliusambaza Afrika kupitia visiwa vya Cabo Verde, na katika karne ya 19 visiwa hivyo viliuza mbegu zake Ulaya kwa watengeneza sabuni na kwa mafuta ya taa za barabarani. Mafuta ya petroli yalipoenea, biashara ile ikafa, mbono ukarudi kwenye kazi yake ya kuzuia mbuzi.

Tarehe 30 Desemba 2008, ndege ya shirika la Air New Zealand aina ya Boeing 747 iliruka kutoka Auckland ikiwa na injini nne, na mojawapo ilikuwa ikitumia mafuta yaliyochanganywa nusu kwa nusu: nusu ya kawaida, nusu ya mbono. Sehemu ya mbegu zilizokamuliwa kwa safari hiyo ilitoka Tanzania. Ndege ilizunguka angani kwa takriban saa mbili, wataalamu wakajaribu kila walichotaka kujaribu, ikatua salama. Habari ikaenea duniani kwamba hapa pamepatikana mafuta yasiyonyang'anya mtu chakula, kwa kuwa mbono hauliwi, na yasiyonyang'anya mtu shamba, kwa kuwa mbono huota hata penye changarawe.

Ahadi hiyo ilikuja wakati wake. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliweka lengo kwamba ifikapo 2010 asilimia 5.75 ya mafuta ya magari yatokane na mimea. Mwaka 2009 ukaongeza: asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo jadidifu ifikapo 2020. Katikati ya hapo, Julai 2008, pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147, na bei za mahindi, ngano na mchele zikapanda mpaka watu wakaandamana katika miji mingi ya Afrika na Asia. Ulaya haikuwa na ardhi ya kutosha kutimiza lengo lake yenyewe. Makampuni yakafungua ramani, na macho yao yakatua kwenye misitu na mapori ya Msumbiji, Tanzania, Ethiopia na Ghana, ambako picha za satelaiti hazionyeshi nyumba wala matuta.

Tanzania haikuburutwa. Iliita. Mwaka 2006 Serikali iliunda kikosi kazi cha taifa cha nishati ya mimea. Nchi ilikuwa ikitumia fedha nyingi za kigeni kununua mafuta, na umeme ulikuwa wa mgawo, hasa katika ukame wa 2006 ulioyakausha mabwawa. Kuona mafuta yakichipua Kisarawe lilikuwa wazo la kuvutia, na sioni haki kuwacheka walioliamini. Kosa lao lilikuwa kwingine.

Kisarawe ni mwendo mfupi tu kutoka Dar es Salaam, ukishaipita Pugu. Watu wake hulima mihogo, mbaazi na mpunga wa mabondeni, huvuna korosho, maembe na mafenesi, na wengi huchoma mkaa unaopelekwa mjini. Huko ndiko ilikokwenda kampuni ya Uingereza iliyoitwa Sun Biofuels. Iliomba ardhi ya vijiji 11, na baada ya miaka kadhaa ya mazungumzo ikapata hekta 8,211 kwa miaka 99. Katika mikutano ya vijiji iliahidi mambo ambayo kijiji chochote cha Tanzania kingeyapigia makofi: ajira, visima, zahanati, barabara, madarasa. Watu wakakubali. Wengine walisaini wakidhani wanakodisha, na kwamba siku moja shamba litarudi.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye sheria, maana ndiyo iliyoamua mengi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Mgeni hawezi kumilikishwa ardhi hiyo moja kwa moja. Ili mwekezaji wa nje aipate, Rais huihamisha kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, kisha mamlaka ya uwekezaji, wakati ule Kituo cha Uwekezaji, humpa mwekezaji haki ya kuitumia. Mkutano mkuu wa kijiji hutoa ridhaa yake mwanzoni, na hapo ndipo sauti yake inapoishia. Mwekezaji akishindwa, akifilisika, au akiuza kampuni kwa mtu mwingine, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Imeshatoka. Wanakijiji wa Kisarawe walipoinua mikono walikuwa wakiamua kwa niaba ya wajukuu wa wajukuu zao, na sina uhakika kama kulikuwa na mtu pale mbele aliyewaambia hivyo kwa maneno mepesi.

Suala la fidia nalo halikuwa dogo. Mkorosho una bei yake, mwembe una bei yake, shamba la muhogo linapimika. Lakini pori ambalo watu walichota maji, walichimba dawa, walikata fito za kujengea, waliokota uyoga na kuchoma mkaa lingepimwaje? Mthamini huhesabu kilichopandwa. Kilichoota chenyewe, hata kama nusu ya kijiji inaishi kwacho, huandikwa pori. Vijiji vya Kisarawe vililalamika baadaye kwamba hata njia ya kwenda kwenye maji waliyoyazoea ilikuwa sasa imo ndani ya shamba la kampuni.

Kwa muda mambo yalikwenda. Matrekta yalifyeka, mbono ukapandwa kwa mistari iliyonyooka, mamia ya vijana wakapata kazi ya kibarua ya kupalilia. Agosti 2011 kampuni ikaingia kwenye ufilisi, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na mali zake zikauzwa kwa wawekezaji wengine. Vijiji vikabaki vimekatazwa kuingia kwenye shamba lisilo na mwenye kulilima. Visima vingi na zahanati zilizoahidiwa havikujengwa.

Kilwa kisa kilikuwa kizito zaidi. Kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilitaka hekta 80,000 na ikapata hekta 34,000 katika vijiji vinne: Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Mafuta yake yalikusudiwa kuzalisha umeme Uholanzi, na kampuni ya umeme ya Eneco ilikuwa na hisa zake humo. Ardhi yenyewe ilikuwa msitu, wenye miti ya mbao ngumu ambayo mfanyabiashara yeyote wa Kusini anaijua thamani yake. Kabla mbono haujaota sawasawa, magogo yalikuwa yameanza kukatwa, na watu wakaanza kuuliza ni kipi hasa kilichokuwa kikivunwa. Katika fedha za fidia, vijiji vilipata asilimia 40, na asilimia 60 ikabaki halmashauri ya wilaya. Watafiti Emmanuel Sulle na Fred Nelson waliyaandika haya mwaka 2009, mwaka ambao kazi shambani ilisimama. Mwaka uliofuata BioShape ilifilisika.

Mtu akisoma habari hizi leo, atashangaa: ina maana hakuna aliyejaribu kwanza? Kwa kweli karibu hakuna. Mbono haukuwa zao. Haukuwahi kufanyiwa uchaguzi wa mbegu kwa vizazi kama mahindi au pamba. Kila mti ni mtu mzima mwenye tabia zake. Makampuni yalizungumza juu ya tani tano na zaidi za mbegu kwa hekta, yakitumia mavuno ya miti michache iliyokaa karibu na jalala au bomba la maji na kuyazidisha mpaka yakajaa hekta elfu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, walikusanya yaliyodaiwa kuhusu mbono na kuyalinganisha na yaliyothibitika, wakaonya kwamba madai yametangulia mbali. Ni kweli kwamba mbono huishi kwenye ardhi kavu na chovu, ila kuishi ni jambo moja na kuzaa ni jambo jingine. Ukiunyima maji na mbolea, unasimama, unadondosha majani, unakungoja. Ukiupa maji na mbolea, unazaa, lakini basi umeshaupa nafasi ya mahindi.

Kisha kuna mavuno. Matunda ya mbono hayakomai pamoja. Kwenye kishada kimoja utakuta tunda la kijani, la njano na lililokauka jeusi, hivyo mashine ya kuvuna haifai. Lazima mkono upite leo, upite tena wiki ijayo. Tunda likishachumwa hubanguliwa, mbegu huanikwa, na hapo zinahitajika kilo nne au tano kwa lita moja ya mafuta. Arusha, mnunuzi alilipa kati ya shilingi 100 na 200 kwa kilo. Mama aliyeshinda mchana kutwa akichuma alikuwa akipata kidogo kuliko kibarua wa kupalilia maharage. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2009 kwa ushirikiano wa shirika la misaada la Ujerumani, GTZ, na watafiti wa kilimo mseto uliwafuata wakulima wadogo waliokuwa wameshapanda, na ushauri wake ulikuwa wa moja kwa moja: mbono usipandwe kama zao la biashara, wala usichanganywe na chakula shambani, pandeni uzio tu.

Uzio. Yaani pale pale ulipokuwa.

Na ndiko huko Arusha ambako hadithi hii ilikuwa na upande wenye akili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ndogo ya KAKUTE ilifanya kazi na vikundi vya wanawake wa Monduli na maeneo jirani. Hawakufyeka kitu. Mbegu zilitoka kwenye nyua zilizokuwepo, na kazi ilifanyika baada ya shughuli za shamba. Vifaa navyo havikuwa vya kutisha. Mashine ya mkono ya kukamulia aliyoibuni Carl Bielenberg mjini Arusha mwaka 1985 kwa ajili ya alizeti iliweza kukamua mbono pia: mtu mmoja anapandisha na kushusha mkono mrefu wa chuma, mbegu zinabanwa kwenye tundu, mafuta yanachuruzika kwenye ndoo na mashudu yanatoka upande wa pili kama vipande vya kamba nene. Baadaye zikatumika mashine za injini aina ya Sayari, zinazotengenezwa Morogoro. Mafuta huachwa yatuame, huchujwa kwa kitambaa, kisha huchanganywa na maji yaliyoyeyushwa soda ya sabuni. Unakoroga mpaka uwe mzito kama uji wa ulezi, unamimina kwenye vibao, unaacha ugande, unakata vipande. Sabuni ya mbono huuzwa ghali kuliko sabuni ya mche kwa kuwa watu wanaiamini kwa magonjwa ya ngozi. Kikundi kilichouza sabuni kilipata zaidi kwenye kilo ile ile ya mbegu kuliko aliyeiuza kiwandani kwa ajili ya mafuta ya mashine. Mashudu, kwa sababu ya sumu, hayafai kulisha ng'ombe, lakini ni mbolea nzuri.

Huko Engaruka shirika la TaTEDO lilifunga injini moja iliyoweza kuendeshwa kwa mafuta ya mbono, ikisaga nafaka, ikichaji betri na kuwasha taa kwenye nyumba na maduka ya jirani. Kampuni ya Kiholanzi ya Diligent nayo ilinunua mbegu kutoka kwa wakulima wa nyua badala ya kutwaa ardhi. Haikutajirika, mbegu hazikutosha na gharama za kuzikusanya kwenye vijiji vilivyotawanyika zilikula faida. Ila ilipokwama, hakuna mkulima aliyepoteza shamba. Kila mmoja alibaki na uzio wake. Kwangu mimi hii ndiyo tofauti kubwa kati ya Arusha na Kisarawe, na haina uhusiano wowote na mmea wenyewe.

Tanzania ilikuwa na sababu ya kujua mapema hatari ya kuanza kwa ukubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikilenga ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta yalivunjika kwenye mizizi ya mibuyu, udongo wa Kongwa ukagandamana kama saruji kiangazi kilipoingia, karanga zikakwama ardhini. Mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kumeza pauni milioni 36. Wagogo wa Kongwa walijua mvua zao, hakuna aliyewauliza. Miaka sitini baadaye mbono uliletwa kwa mtindo ule ule wa kuanza na maelfu ya hekta badala ya kuanza na mbegu.

Miradi ya miwa haikwenda vizuri zaidi. SEKAB, kampuni ya Uswidi iliyomilikiwa kwa sehemu kubwa na manispaa za kaskazini mwa nchi hiyo, ilipanga kulima miwa ya ethanoli katika Bonde la Rufiji na Bagamoyo, kwenye ranchi ya zamani ya Razaba yenye zaidi ya hekta 20,000. Rufiji haikufika mbali. Mwaka 2009 mradi wa Bagamoyo uliuzwa kwa EcoEnergy, ambao waligeukia sukari kwanza, ethanoli baadaye. Wakavutana na Serikali kwa miaka, hatimiliki ikafutwa 2016, kesi ikapelekwa kwenye baraza la usuluhishi la ICSID, na Aprili 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa dola milioni 165. Desemba mwaka huo ndege ya Air Tanzania aina ya Airbus A220 ilizuiwa Uholanzi kwa sababu ya deni hilo. Shamba halikutoa hata lita moja ya ethanoli. Sehemu ya ardhi ya Razaba sasa ina miwa na kiwanda cha sukari cha kampuni ya Kitanzania.

Serikali nayo ilijifunza kidogo, kwa kuchelewa. Mwaka 2009 ilisitisha maombi mapya ya ardhi kwa ajili ya nishati ya mimea, na Novemba 2010 ikatoa mwongozo uliopunguza ukubwa wa maeneo na muda wa umiliki hadi miaka 25, ukiwemo muda wa majaribio. Wakati huo waombaji wengi walikuwa wameshaanza kufunga virago, maana bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka na mabenki ya Ulaya yamebana mikono.

Nishati ya mimea iliyodumu Afrika Mashariki imetoka mahali pengine kabisa: kwenye mabaki. Kiwanda cha sukari cha TPC, kusini mwa Moshi, huchoma makapi ya miwa kwenye tanuri zake, mvuke unazungusha mitambo, umeme unaendesha kiwanda na ziada huuzwa TANESCO. Kakira, Uganda, hufanya hivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Muhoroni, Kenya, walitengeneza ethanoli kwa molasi na kuichanganya na petroli katika miaka ya 1980. Hakuna hekta mpya iliyofyekwa kwa ajili hiyo. Muwa uleule umetoa sukari, kisha moto.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Hale, wilayani Korogwe. Mkonge nao uliletwa na wageni: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikasafirishwa kupitia Hamburg, na ikafika 62 tu ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ikifika zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, kabla nailoni haijaua soko. Muda wote huo viwanda vilitumia asilimia 2 tu ya mmea, yaani singa. Kilichobaki kilisukumwa na maji nje ya korona, mashine ya kutenganisha singa, kikaoza kwenye mashimo na kuchafua mito, kikinuka mpaka barabarani. Mwaka 2008 kampuni ya Katani, kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la UNIDO na mfuko wa kimataifa wa mazao, ilizindua mtambo uliochukua uchafu huo, ukauingiza kwenye matangi yasiyopitisha hewa, bakteria wakautafuna na kutoa gesi, na gesi ikaendesha injini ya kufua umeme. Ulianza na kilowati 150, kiasi kidogo. Uji unaobaki ni mbolea ya kurudisha shambani. Mkulima hakuambiwa achague kati ya mkonge na umeme.

Na Kilwa? Wakati mbono wa BioShape ulipokuwa ukimezwa na nyasi, wakulima wa Lindi, mkoa ilipo Kilwa, walikuwa wakiongeza ufuta, bila mwekezaji kuwaambia, kwa sababu ulikuwa na soko, unakomaa kwa miezi mitatu au minne, na mtu anaweza kuula. Kongwa, ilipokufa karanga ya Waingereza, leo hulimwa alizeti, mahindi na mtama. Mafuta ya alizeti yanakwenda jikoni na mashudu yanakwenda kwa ng'ombe.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji haijabadilika katika jambo lile la msingi: ardhi ikishahamishwa kuwa ya jumla, mwekezaji akianguka haina njia ya moja kwa moja ya kurudi. Kwa hiyo kijiji kitakachoombwa ardhi kesho, iwe ni kwa mbono, miwa, miti ya hewa ukaa au kitu ambacho bado hakijapewa jina, kidai kwanza kuona mavuno ya misimu miwili kwenye eka chache za mwekezaji mwenyewe, kidai ahadi za visima na zahanati ziandikwe kwenye mkataba wenye tarehe, na kabla ya kuinua mkono kimuulize afisa ardhi wa wilaya, mbele ya mkutano na kwenye kumbukumbu zake, ardhi hii itarudi kwa nani kampuni ikifa.